Shimesikio Yenye Mtandao Inamtii Nani?

Wakalimani wa lugha ya alama walioko kushoto kwangu, nitajitahidi nisikimbie. Nikikimbia ninyoosheeni mkono, nitasimama.

Nitazungumza juu ya kifaa kinachokaa nyuma ya sikio, kidogo kiasi kwamba aliyekaa kiti cha pili huenda asikione, na ambacho katika miaka kama kumi na kitu iliyopita kimeanza kuwekewa redio ndani yake. Zamani shimesikio ilikuwa na kazi moja: inapokea sauti, inaikuza, inaiingiza sikioni. Haikuwa na wa kuongea naye. Leo inaongea na simu, simu inaongea na seva iliyoko nchi nyingine, na seva inapeleka habari kwa mtengenezaji. Katikati ya mazungumzo yote hayo yuko mtu mmoja aliyeivaa shimesikio, na mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kuambiwa kinachoendelea. Kwa hiyo ninalo swali moja tu, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo: kifaa hiki kinamtii nani?

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya usikivu ya mwaka 2021, lilisema watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya kupungukiwa usikivu, na kwamba kufikia mwaka 2050 huenda wakafika milioni 700. Karibu asilimia 80 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu. Wengi hawajawahi kuvaa kifaa chochote. Najua yuko atakayeniuliza: watu hawana kifaa, wewe unawaletea habari za faragha? Ndugu yangu, vifaa vinavyoingia sasa, vya kununua na vya msaada, vingi vinakuja na redio tayari. Tukingoja kila mtu apate ndipo tuanze kuuliza, tutakuta wengine wameshatujibia.

Nianze na faragha, na niruhusuni nianzie mbali na kompyuta. Mtu asiyesikia vizuri amepoteza faragha kabla hata hajanunua kifaa. Nendeni asubuhi kwenye dirisha la dawa la hospitali yoyote kubwa. Kijana wa dirishani anamweleza bibi dawa zake. Bibi hakusikia. Kijana anarudia kwa sauti. Bibi bado. Mara ya tatu foleni nzima imeshajua bibi anaumwa nini, anameza vidonge vingapi na ameambiwa aache nini. Benki ni yaleyale, salio linatangazwa kama mnada. Nyumbani, akipiga mtu wa huduma kwa wateja, simu anapewa mtoto aisikilize, na mtoto huyo huyo ndiye anayetajiwa namba ya siri ili amalizie muamala. Kuna wazee ninaowahudumia ambao namba zao za siri zinajulikana na kila mwenye umri wa kushika simu ndani ya nyumba. Hawakuibiwa. Walizitoa wenyewe, moja baada ya nyingine, kwa sababu hawakuwa na njia ya kusikia peke yao.

Kwa hiyo mtu akija kuniambia kwamba shimesikio zenye mtandao ni hatari na tuziogope, namwomba atulie kwanza. Mwaka 2014 kampuni ya Denmark ya GN ReSound iliingiza sokoni kifaa cha LiNX, kilichopokea sauti ya iPhone moja kwa moja bila kidude cha kati cha kuvaa shingoni. Google ikatangaza utaratibu wake wa simu za Android mwaka 2018, ukaingia kwenye Android 10 mwaka uliofuata. Januari 2020 wenye viwango vya Bluetooth wakatangaza utaratibu mpya wa sauti, LE Audio, uliokusudiwa watengenezaji wote waufuate. Kwa mvaaji, maana ya tarehe hizo ni kwamba sauti ya mwanawe aliyeko Muscat inaingia masikio yote mawili bila kelele ya barabara, na maneno ya daktari aliyevaa kipaza sauti kidogo kifuani yanamfikia yeye bila daktari kupaza sauti hadi korido nzima imsikie. Nimemwona mama akipokea simu mbele ya watu, akageuka pembeni, akazungumza kwa sauti ya chini. Alikuwa hajawahi kuzungumza simu kwa sauti ya chini tangu uzazi wake wa mwisho, usikivu ulipoanza kupungua. Sitakubali mtu yeyote amnyang'anye hilo kwa jina la usalama.

Sasa tukae mezani kwangu kliniki. Amekuja mzee, fundi cherehani mstaafu, ameongozana na mjukuu wake wa kike. Nimempima, nimechagua kifaa, nimekipanga kufuata chati ya usikivu wake. Imebaki kukiunganisha na simu. Mzee ana simu ya vitufe, ile ambayo betri yake inakaa wiki. Simu janja ni ya mjukuu. Nafungua kimlango cha betri na kukifunga. Kifaa kinawaka upya na kuanza kujitangaza hewani, na kwa aina nyingi kitakubali simu mpya kwa dakika tatu hivi tangu kuwaka, kisha kinafunga mlango. Simu ya mjukuu inakiona. Anagusa jina kwenye kioo. Imekwisha. Hakuna namba iliyoulizwa, na ingeulizwa ingeandikwa wapi? Kifaa hakina kioo wala vitufe vya tarakimu.

Wahandisi wa Bluetooth wana njia maalumu kwa vifaa vya namna hiyo. Pande mbili zinapatana ufunguo wa siri zenyewe, bila binadamu kuthibitisha kwamba aliye upande wa pili ndiye aliyekusudiwa. Katika matoleo mapya mazungumzo yanafichwa vizuri, mpita njia hawezi kuyafumbua. Katika matoleo ya zamani, aliyekuwepo na kipokezi chake wakati wa kuunganisha angeweza kuupata ufunguo wenyewe. Lakini matoleo yote, mapya na ya zamani, yanakosa kitu kimoja: uhakika wa nani umeanza kuongea naye. Kinga iliyobaki ni zile dakika tatu na umbali wa mita chache. Kwa kliniki yenye watu sita kwenye benchi, wote na simu mkononi, kinga hiyo si kubwa, ndiyo maana mimi huunganisha chumba kikiwa na mgonjwa na jamaa zake tu.

Hata hivyo si hilo linaloninyima raha kuhusu yule mzee. Programu ya simu ilitaka akaunti, akaunti ikataka barua pepe, na mwenye barua pepe ni mjukuu. Nenosiri analijua mjukuu. Maelezo yote ya programu ni ya Kiingereza, kwa herufi ndogo, na mzee anasoma Kiswahili kwa miwani. Akikaa msikitini chini ya feni na kutaka kupunguza mvumo, hana la kufanya mpaka mjukuu awepo. Siku mjukuu anapanda basi kwenda chuo Dodoma, anaondoka na rimoti ya masikio ya babu yake. Anaweza kuyapunguza sauti wakiwa chumba kimoja. Na babu akija kupata simu janja yake na kuingia kwa akaunti ileile, kile kipengele cha kutafuta kifaa kilichopotea, kinachokumbuka kwenye ramani mahali kifaa na simu vilipoachana, kinaweza kusomwa na mwingine mwenye nenosiri hilo.

Mjukuu yule ni mtoto mwema, anampenda babu yake. Hakuna aliyedukua kitu. Lakini mamlaka juu ya masikio ya mtu mzima, mwenye akili timamu, aliyelea familia kwa sindano na uzi, yamehama mezani kwangu kwa dakika tano, na kilichoyahamisha ni ugumu wa kutumia kifaa. Ndiyo maana sipendi mafundi wanapogawa mambo haya mafungu matatu, huku usalama, huku faragha, na urahisi wa kutumia ukiwekwa mwisho kama pambo la watu wa matangazo. Kifaa kisichotumika na mvaaji mwenyewe kitatumiwa na mwingine kwa niaba yake, na hapo usalama umeshavunjika hata kama nenosiri lina herufi ishirini.

Siku hizi naanza na kitufe. Kabla simu haijatoka mfukoni, mzee ajue kuongeza na kupunguza sauti kwa kidole chake, kwenye kifaa chenyewe, macho yakiwa yamefumba. Vidole vyenye ganzi ya kisukari navipa muda zaidi. Tunajifunza milio: huu wa betri kuisha, huu wa kuunganishwa, huu wa kukatika, maana watengenezaji wengine wameifanya ifanane mno. Mtu aliyesikia mlio asiouelewa huvua kifaa na kukitia kabatini. Kuna vifaa vidogo sana vilivyoondolewa kitufe ili vizidi kufichika, na sauti ikaachiwa simu peke yake. Kwa mzee asiye na simu yake mwenyewe sivipendekezi, hata vikiwa vya bei ya juu kuliko vyote dukani.

Nimetaja kufichika. Rangi za vifaa hivi ni za ngozi na za nywele. Wapo akina mama wanaoniuliza swali la kwanza kabisa kama kitakaa chini ya ushungi bila kutokeza. Mtu anayo haki ya kuchagua nani ajue hali yake, na amelipia haki hiyo. Lakini redio yake inasema nini? Utaratibu wa Google wa mwaka 2018 umewekwa wazi kila mtu ausome, jambo ambalo nawasifu kwalo. Ukiusoma utaona kifaa kinapojitangaza kinatoa alama ya huduma, FDF0 katika maandishi ya kimashine, ambayo maana yake ni kwamba hiki ni kifaa cha kusikia. Kisha inafuata biti moja ya kusema ni cha kulia au cha kushoto, nyingine ya kusema kiko peke yake au ni jozi, na kipande cha namba ya utambulisho ambayo vifaa viwili vya mtu mmoja vinashiriki. Kila kimoja kina sababu yake njema. Bila namba hiyo, simu ingeweza kuchukua sikio la kushoto la mzee na la kulia la jirani yake kwenye benchi. Ila kwa mtu mwenye kipokezi cha bei rahisi mlangoni pa duka au pa ofisi, tangazo hilo linasema amepita mtu mwenye tatizo la usikivu, pande zote mbili, na namba yake ikionekana tena kesho ni yuleyule. Ushungi umeficha kifaa macho yasikione, na redio imekitangaza.

Nimelileta hili kwa sababu linarekebishika, na limeshaanza kurekebishwa. Bluetooth inaruhusu anwani ya kifaa kubadilikabadilika ili isifuatiliwe, lakini anwani ikibadilika huku namba ya jozi ikibaki ileile, kazi imekuwa bure. Waliotunga LE Audio waliliona. Humo namba ya jozi nayo hubadilika, na simu iliyopewa ufunguo ndiyo pekee inayoweza kutambua kwamba sikio hili na lile ni ndugu. Mvaaji habonyezi chochote na hasomi onyo lolote. Huo ndio ulinzi ninaoutaka kwa watu wetu, uliofanywa na mhandisi mara moja ili bibi asiufanye kila asubuhi.

Tuje kwenye kumbukumbu. Shimesikio za kidijitali zinahifadhi saa zilizovaliwa, sauti ilipandishwa mara ngapi, na mazingira yalikuwaje: kimya, maongezi, kelele, muziki. Mtaalamu akiunganisha kifaa na kompyuta anayaona. Ni msaada mkubwa. Mtu anakuja analalamika kifaa hakifai, kumbukumbu inaonyesha amekivaa nusu saa kwa siku, ndipo tunagundua kinambana au kinapiga filimbi. Lakini kuna namna mbaya ya kufanya jambo hilo. Nimeona mtaalamu akimgeuzia mama kompyuta mbele ya mwanawe na kusema, mama huvai, tazama hapa. Mama hakuwa ameambiwa kamwe kwamba kifaa kinamhesabia. Alinyamaza, na kuanzia siku hiyo mwanawe akawa na ushahidi. Mtu aambiwe kifaa kinaandika nini kabla hakijaandika, na kumbukumbu isomwe naye kwanza, peke yake kama anataka.

Mwaka 2018 kampuni ya Starkey ya Marekani ilitoa Livio AI, kifaa kinachohesabu hatua na kupima muda mvaaji anaoutumia katika maongezi, na baadaye kikapewa uwezo wa kugundua kwamba ameanguka na kutuma ujumbe kwa watu aliowateua. Sikio ni mahali pazuri pa kupimia mwili, ni imara kuliko mkono. Kwa mjane anayeishi peke yake, kugunduliwa akianguka ni uhai. Ila tazameni kilichokusanyika pamoja: unasikia kiasi gani, unatembea kiasi gani, unaongea na watu kiasi gani, lini ulianguka. Mwajiri angependa kuyajua hayo kabla ya kumpa mtu mkataba. Kampuni ya bima nayo ingependa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti na ina masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Kenya ina sheria yake tangu 2019. Kwa hiyo tunapobonyeza "kubali" kwa niaba ya mzee, sheria iko upande wake, ila hana habari kwamba iko. Na sisi wa kliniki tujitazame pia. Chati za wagonjwa ziko kwenye kompyuta ya mapokezi ambayo kila mtu anaijua nywila yake, na flashi moja inazunguka ofisi nzima. Kabla ya kuilaumu seva ya Ulaya, tuanze na hiyo flashi.

Je, vifaa hivi vinadukulika? Ndiyo, na hakuna haja ya kutishana. Februari 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia na Ubunifu cha Singapore walitoa mkusanyo wa kasoro walizoziita SweynTooth, zilizokuwa ndani ya chipu za Bluetooth za watengenezaji kadhaa wakubwa. Mtu aliye karibu, kwa kutuma ujumbe uliopinda, aliweza kukizima kifaa, kukigandisha mpaka kiwashwe upya, au katika baadhi kuipita kinga yake. Tarehe 3 Machi mwaka huo, siku ileile dunia inapoadhimisha Siku ya Usikivu, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa vifaa vya tiba kwa jumla. Juni 2024 Apple ilirekebisha kasoro katika vipokea sauti vyake vya AirPods iliyomwezesha mtu wa karibu kujifanya simu ya mwenye kifaa na kuingia. Miezi michache baadaye, Septemba 2024, FDA iliruhusu AirPods Pro za toleo la pili zitumike kama shimesikio kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa kati. Mwaka 2025 watafiti wa kampuni ya Ujerumani ya ERNW walionyesha kwamba vipokea sauti vingi vya majina makubwa, vinavyotumia chipu za Airoha ya Taiwan, vilikuwa na mlango wa mafundi uliosahaulika wazi: mtu wa karibu aliweza kuingia bila kuunganishwa, kusoma kumbukumbu ya kifaa, na kutumia imani iliyopo kati ya kifaa na simu. Hivyo vilikuwa vipokea sauti vya kawaida, siyo shimesikio. Lakini sasa kifaa kimoja kinaweza kuwa vyote viwili, na mpaka unaendelea kufutika.

Angalieni neno lililojirudia: karibu. Mita tano, mita kumi. Mdukuzi wa mbali anatafuta benki, hana shida na shangazi yako. Anayekaa mita tano kutoka kwa shangazi kila siku ni mume, mtoto, mfanyakazi wa ndani, bosi. Nimesikiliza wavaaji wengi, na kila aliyeniambia kwamba ametumiwa vibaya kupitia kifaa chake alinitajia mtu wa nyumbani au wa kazini. Hivyo tukipanga ulinzi, tuanze kwa kumwezesha mvaaji kuona simu zipi zimeunganishwa na kifaa chake na kuzifuta mwenyewe, bila kumwomba ruhusa yule anayemhofia. Vifaa vingi havimpi njia hiyo. Inabidi arudi kwangu.

Na kurudi kwangu kunategemea mambo mengine. Septemba 2019 kampuni ya Demant ya Denmark, inayomiliki Oticon, ilipatwa na shambulio la mtandao lililoathiri viwanda na ofisi kuanzia Poland hadi Mexico na eneo lote la Asia na Pasifiki. Hasara ilikadiriwa kufika karibu dola milioni 95 za Marekani. Kliniki za kampuni hiyo Australia, Marekani na Kanada zilishindwa kuwahudumia wateja kama kawaida. Hakuna aliyeguswa sikioni, hata mmoja. Watu walikosa tu vifaa, vipuri na miadi. Ukiona hivyo unaelewa kwa nini nasisitiza kifaa kiweze kufanya kazi yake ya msingi bila akaunti, bila intaneti, bila bando. Bando likiisha mtu asipungukiwe na usikivu.

Kuna upande mwingine wa faragha ambao sisi watetezi wa viziwi hatupendi kuusema. Mvaaji naye anaweza kusikia asiyotakiwa kusikia. Mwandishi wa Marekani Cece Bell, aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 4 kwa homa ya uti wa mgongo, alichora utoto wake katika kitabu cha El Deafo cha mwaka 2014. Humo anasimulia jinsi kipaza sauti alichovaa mwalimu wake kilivyomfuata mwalimu hadi chumba cha walimu na hadi msalani, na yeye darasani akisikia yote. Walimu wa vitengo vya viziwi mlioko hapa mnajua kwamba jambo hilo lipo hadi leo. Simu nayo inaweza kuachwa mezani ikawa kipaza sauti, mwenyewe akiwa chumba cha pili. Lakini tukishakiri hivyo tusigeuke polisi. Msimamizi wa mtihani anayemwambia mwanafunzi avue shimesikio kwa sababu ina Bluetooth amemfungia mtihani huyo mtoto. Simu ya mtoto ikae nje ya chumba, kifaa kibaki sikioni. Mlinzi wa mlangoni afanye hivyo hivyo, na hakimu pia. Na mwalimu mwenye kipaza sauti anahitaji kufundishwa jambo moja tu, swichi ya kuzimia iko wapi.

Nimalizie na kufuli, maana kuna kufuli za aina mbili na zinauzwa kwa jina moja. Moja inamlinda mvaaji, nyingine inamlinda muuzaji. Marekani kuna maduka ya mnyororo yanayouza vifaa vilivyofungwa kwa programu ya duka lenyewe, mtaalamu wa nje hawezi kuvirekebisha. Vifaa hivyo vinafika huku. Nililetewa kimoja na mama aliyetumiwa na mwanawe aliyeko ng'ambo, kifaa kizuri, karibu kipya. Programu yangu ilikitambua kwa jina na kukataa kukifungua. Ndani yake mlikuwa na mipangilio ya masikio ya mtu mwingine, na kwa kuwa sikuweza kuibadilisha, ilikuwa hatari kumvisha. Tena nimepokea vya msaada vilivyokuwa wazi kabisa, vikiwa bado na kumbukumbu za matumizi za mmiliki wa kwanza, huenda marehemu. Cha kwanza kilifungwa asiweze kuingia mwenye haki, cha pili kiliachwa wazi aingie yeyote. Wanaotukusanyia misaada, nawashukuru kwa moyo wote, na nawaomba wafute kumbukumbu na kuhakikisha kifaa hakina kufuli ya duka kabla hakijapanda ndege.

Mengi ya haya yanaweza kuzuiwa wakati wa kununua. Wizara, hospitali na mashirika yanayoandika zabuni wana nguvu kuliko wanavyodhani. Tangu 2017 watoto wamepandikizwa vifaa vya koklea Muhimbili, na mtoto aliyepandikizwa ataishi na kampuni iliyotengeneza kifaa chake maisha yake yote; sehemu ya nje itabadilishwa tena na tena, ya ndani itabaki. Zabuni iulize: marekebisho ya usalama yatatolewa kwa miaka mingapi? Kifaa kitaendelea kufanya kazi na simu za Android za bei ya chini zinazouzwa Kariakoo, au kwa simu mbili tatu za gharama pekee? Kitarekebishwa na mtaalamu yeyote aliyesajiliwa? Programu ina Kiswahili? Kinaweza kuvaliwa na kurekebishwa sauti bila akaunti yoyote? Muuzaji akijibu la kwa hilo la mwisho, mimi singeendelea kusoma karatasi zake.

Wenye vifaa mliokuja navyo leo, mafundi wamekaa meza ya mlangoni na watabaki hadi saa kumi na mbili jioni. Watakuonyesha akaunti yako imeandikwa kwa jina la nani, simu zipi zimeunganishwa na kifaa chako, na namna ya kuondoa usizozitaka. Ukitaka akaunti ihamishiwe kwako, njoo na aliyeifungua kama yupo, na simu yoyote mliyo nayo. Aliyekuja kwa niaba ya mgonjwa aliyebaki nyumbani atapewa maelezo na namba ya miadi, ila akaunti haitaguswa mpaka mwenye sikio afike mwenyewe.